Nilivyotumwa Kumtoa Mwalimu Perpetua

Mjukuu wangu Rehema anakaa Segerea. Mtaani, si gerezani. Inabidi nieleze kabisa, maana nikilitaja jina hilo kwa majirani huku kwetu huniambia pole. Yeye na wasichana wenzake wana kundi lao la simu, la mabinti wanaotaka kugombea uongozi. Mwezi uliopita alikuja akaniambia, "Bibi, tuandikie kitu. Wewe umekaa kwenye chama miaka yote ile, tupe motivesheni." Nikamwuliza motivesheni ni kitu gani. Akasema ni maneno ya kutia moyo. Nikamjibu kwamba hayo sina, nina kumbukumbu tu, na nyingine zinanitia aibu. Akasema nizilete hivyohivyo.

Haya, mabinti, nimezileta. Mimi ni Mwanahamisi, wa rika langu huniita Dada Mwana. Nilianza kama karani wa ofisi ya chama ngazi ya kata huku Temeke, enzi za chama kimoja, nikaja kuwa katibu wa wanawake wa kata hiyo mpaka nilipostaafu. Chama sikitaji na kata siitaji. Tuliobaki hai bado tunakutana misibani, na sitaki nikae jamvini huku watu wananikwepa.

Kwanza mjue tulikotoka. Mama yangu alikuwa na kikundi cha ngoma wakati wa kudai uhuru. Waume wengi waliokuwa na kazi za serikali ya mkoloni waliogopa kuonekana na kadi ya chama, basi kadi zikawa zinatembea na akina mama, chini ya vitumbua, ndani ya kapu, nyumba kwa nyumba. Mama hakujua kusoma, lakini alijua nani kachukua kadi na nani anajifanya. Uhuru ulipokuja waliambiwa ahsanteni sana akina mama, endeleeni kuimba. Wakaendelea. Mama aliimba kwenye mapokezi ya viongozi mpaka sauti ikamkauka, na sijawahi kumwona amekaa meza kuu hata siku moja. Nilipomwuliza kama haimuumi, alisema jua la uwanjani analijua, na kiti cha meza kuu hajui kinakaliwaje. Nilicheka wakati ule. Leo nikikumbuka sicheki.

Mimi nikapata kusoma, nikaingia ofisini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao. Kikao changu cha mwanzo kulikuwa na wanawake watano, hakuna aliyeulizwa neno, ila kila hoja ikipita walipiga vigelegele. Mimi kwa ukweli wangu nikaandika: "Wajumbe wanawake walichangia kwa vigelegele." Mwenyekiti alipousoma alinitazama muda mrefu, asijue kama nimemtania. Sikuwa nimemtania, ndicho nilichokiona. Aliniamuru nifute, niandike "wajumbe wote walichangia kwa kina."

Aliyenifunza kazi ni Bi. Tatu, katibu wa wanawake aliyenitangulia. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye ulimi. Alinikuta siku hiyo nafuta, akaniambia, "Mwanangu, uongo wa muhtasari ndio utakaokuwa ukweli sie tukishakufa. Kwa hiyo kaa na kalamu, usimwachie mtu." Kisha akanipa mafunzo ambayo hakuna semina iliyowahi kunipa.

La kwanza lilikuwa chai. Kwenye vikao vyetu, mambo mazito yakikaribia, mtu angesema, "Akina mama, hebu tuangalieni chai." Tunatoka kwenda kuchochea moto nyuma ya ofisi, tukirudi na vikombe tunaambiwa jambo limekwisha, wajumbe wameafikiana. Bi. Tatu aligundua dawa. Alikuwa akiipika chai kwake tangu alfajiri, anaileta kwenye chupa mbili kubwa, anaziweka chini ya kiti chake. Mtu akisema chai, yeye anainama tu, anamimina, na masikio yake hayajaondoka chumbani. Mwenyekiti alikunywa chai ile kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini.

La pili lilikuwa ajenda. Mambo yetu, kisima, kliniki, yalikuwa yakiwekwa mwisho kabisa kwenye "Mengineyo", saa ambayo watu wameshasimama wanatafuta kofia zao. Kulalamika hakusaidii. Bi. Tatu alinifundisha hivi: litaje hilohilo kwenye Mengineyo, hata kama wanaosikia ni wawili, halafu uliandike kwenye muhtasari kwa mwandiko mzuri na jina la msemaji. Kikao kijacho litakuja lenyewe kwenye "Yatokanayo", na Yatokanayo husomwa mwanzo, watu wangali wamekaa na wana akili zao. Kisima cha mtaa wetu kilipatikana kwa njia hiyo, vikao saba mfululizo. Hilo lichukueni, bado linafanya kazi.

La tatu ndilo lililonipeleka pabaya, ingawa Bi. Tatu alilitumia kwa heri. Kulikuwa na waume waliokataza wake zao kuja mikutanoni. Bi. Tatu alikuwa anakwenda baada ya alasiri, mume ameshapumzika na hana hasira za kazini. Anapokewa, anakaa mkekani, analetewa maji. Hayanywi. Anakiweka kikombe mbele yake na kusema, "Maji nitakunywa, baba, ila kwanza unipe nilichokijia." Nyie wa leo mtaona ni mchezo. Lakini mtu wa kwetu, mgeni wa heshima akikataa maji nyumbani kwake, hatulii. Anaona kama kuna jambo baya ameshalifanya. Mume anahangaika, anambembeleza, mwisho anasema haya, mke wangu aje huo mkutano, lakini arudi mapema. Ndipo Bi. Tatu anakunywa mpaka tone la mwisho na kumwombea dua. Wanawake wengi wa kata yetu walitoka ndani kwa kikombe kile.

Bi. Tatu alipofariki nikapewa nafasi yake, na kikombe nikakirithi.

Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, na ushindani ukahamia ndani ya chama kwenyewe, kwenye kura za maoni. Ukishinda zile, umeshakuwa diwani, iliyobaki ni sherehe. Wanaume walikuwa na kata, sisi tukaambiwa tuna viti maalum, vile vya wanawake vinavyogawiwa kwa orodha ya chama. Viti maalum vilikuwa jambo jema, sivitukani. Wengi wasingeingia barazani bila hivyo. Lakini vilizaa desturi moja kwetu. Mwanamke akichukua fomu ya kugombea kata, anatumiwa mwanamke mwenzake kwenda kumwambia apishe, asubiri viti maalum, huko ndiko kwake. Neno lenyewe lilikuwa hilo, apishe, kama vile amesimama njiani pa watu. Na mwanamke wa kutumwa nilikuwa mimi.

Kabla ya Mwalimu Perpetua nilikuwa nimeshawatoa wawili. Sikujiona nafanya ubaya. Nilijiona mtu wa amani. Na niwaambie ukweli mtupu, nilipenda kutumwa. Mwenyekiti wetu wa kata wakati huo, nimwite Mzee Kondo, akinisimamisha mlangoni na kuniambia, "Mwana, jambo hili bila wewe haliwezekani," nilikuwa natembea kurudi nyumbani kifua mbele. Miaka yote ile ya kumimina chai, hatimaye nahitajika.

Perpetua alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, Mkristo, ameolewa na fundi seremala. Alihamia kwetu akiwa bado kijana na akapendwa haraka. Kata yetu inakatwa na bonde, na enzi hizo njia ya kuvuka ilikuwa magogo mawili. Masika yakishika, magogo yanakwenda na maji. Upande wa pili ndiko ilikokuwa zahanati. Mama mwenye uchungu alivushwa amekalishwa kwenye kiti, wanaume wanne wamekibeba, maji yanawafika mapajani. Perpetua alikuwa akisimama pale asubuhi za mvua ameshika kamba, anavusha watoto wa shule mmoja mmoja, sketi yake ameifunga magotini. Alipochukua fomu ya udiwani aliahidi kitu kimoja tu, daraja la zege bondeni. Watu walimwuliza na lingine ni lipi. Akasema likiisha hilo wamwulize tena.

Angeshinda. Mimi ndiye niliyekuwa nawajua wapiga kura wa kura zile za maoni, nilikuwa nawajua kwa majina ya watoto wao. Nilihesabu kichwani nikaona anashinda wazi.

Mzee Kondo naye alihesabu. Aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mwana, yule mwalimu wako."

"Si wangu, Mzee."

"Wanawake wote ni wako. Sasa sikiliza, tunampenda, hana tatizo. Ila huyu kijana wetu aliyechukua fomu naye ameshajiandaa muda mrefu, wazee wa wilaya wanamjua. Mwalimu aende viti maalum. Jina lake litakuwa la kwanza kwenye orodha, nakuahidi mie mwenyewe. Udiwani ni udiwani, au siyo? Daraja atalidai hukohuko."

Nikasema nitampitia. Sikuuliza hata swali moja. Nikaenda mezani kwangu nikaandika barua ya kujitoa, kwa mwandiko ule mzuri aliousifu Bi. Tatu, "kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushawishiwa na mtu yeyote," nikaacha nafasi ya sahihi. Nikaikunja nikaiweka mkobani.

Nilikwenda baada ya alasiri, kama nilivyofunzwa. Alinipokea vizuri. Mume wake alikuwa uani anapiga randa, akaniamkia na kuendelea na kazi yake. Perpetua akanikaribisha sebuleni, kwenye meza kuna madaftari ya wanafunzi, akaniletea maji kwenye bilauri na sahani yake chini. Nikaisogeza pembeni kidogo.

"Maji nitakunywa, Mwalimu. Ila kwanza unipe nilichokijia."

Aliitazama ile bilauri. Mtu wa bara, lakini alikuwa ameshakaa pwani vya kutosha kuelewa. Akakaa. Nikamweleza yote, viti maalum, jina la kwanza, amani ya chama, kijana wetu, wazee wa wilaya. Nikamwambia subira yavuta heri. Nikamwambia mwanamke akigombana na wanaume hata akishinda hatafanya kazi, watamkwamisha. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana lilikuwa baya zaidi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada Mwana, hayo ni ya chama, nimeyasikia. Wewe je? Wewe mwenyewe unaonaje?"

Mabinti, nimeulizwa maswali mengi maishani mwangu. Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nilijua nionavyo. Nilijua atashinda, nilijua kijana wetu hajawahi kuvuka lile bonde ila wakati wa kiangazi. Na ndani kabisa kulikuwa na kijidudu kingine ambacho mpaka leo sikipendi. Nilikuwa nimekaa ofisini muda wote ule na hakuna aliyewahi kuniambia mimi nichukue fomu. Huyu kaja juzi na chaki yake, watu wanamshangilia.

Nikasema, "Mie naona upishe."

Hakubishana. Alivuta kalamu nyekundu aliyokuwa akisahihishia madaftari, akaiweka, akatafuta ya bluu, akatia sahihi. Ndipo nikanywa maji yangu yote, nikamwombea heri, nikaondoka. Mzee Kondo aliipokea barua kwa mikono miwili na kusema mimi ni hazina ya chama.

Orodha ya viti maalum ilipotoka niliisoma ubaoni ikiwa bado ina gundi mbichi. Jina la kwanza lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nikashuka na kidole. Jina la Perpetua halikuwa la pili, halikuwa la mwisho. Halikuwemo. Nikarudi kwa Mzee Kondo, akaninyanyulia mabega. "Mambo ya wilayani hayo, Mwana. Mie ningefanyaje?" Nadhani hata yeye hakuwa amedanganya alipokuwa anaahidi. Aliahidi kitu kisichokuwa chake, basi.

Kijana wetu akawa diwani, vipindi viwili. Sitamsema vibaya, hakuwa mwizi wala mkatili. Alikuwa mtu wa kawaida aliyekuwa na mambo mengine. Daraja liliingia kwenye muhtasari, nililiandika mimi, kwenye Mengineyo, kisha Yatokanayo, kisha Mengineyo tena. Lilikuja kujengwa baadaye sana na diwani mwingine kabisa. Katikati hapo masika yalikuja kama kawaida yake, na viti vikaendelea kubebwa. Mmoja wa akina mama waliobebwa alijifungulia palepale katikati ya maji, mtoto hakuishi. Nilikwenda msibani. Nilikaa jikoni naosha masufuria, kwa sababu sikuweza kukaa jamvini na mama yake.

Perpetua hakuchukua fomu tena. Hakuniambia neno baya, alinisalimia kila tulipokutana, na baada ya muda alihamishiwa shule nyingine, akajenga Kibamba. Mimi niliendelea na kazi. Sikumtoa mwingine, nilianza kupata udhuru, leo mguu, kesho mgonjwa, na Mzee Kondo akapata mtu mwingine wa kumtuma. Hakukosa. Nisingependa mdhani kwamba nilisimama nikagoma. Niliumwa mguu tu.

Siku hizi hakuna haja ya kutuma mtu na kusubiri alasiri. Nimemwona rafiki yake Rehema, binti mwenye akili, alitangaza nia asubuhi, kufika jioni simu imejaa picha zake za harusini zimeandikwa matusi. Akajitoa kwa ujumbe wa mistari miwili. Rehema alilia. Mimi nikawaza kwamba afadhali sisi tulikuwa tunakwenda kwa miguu, halafu nikajisuta. Hakuna afadhali hapo.

Habari hiyo ndiyo iliyonipeleka Kibamba. Nilimwambia Rehema anisindikize kwa Mwalimu Perpetua, sikumwambia kwa nini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwomba radhi kwa kumtoa, kwa barua niliyokuja nayo ikiwa imeshaandikwa, kwa ahadi iliyokuwa hewa. Niliyapanga kama ajenda, nisisahau hata moja.

Tulimkuta barazani anachambua choroko. Amezeeka, mume ameshafariki, macho yamepungua nguvu, lakini sauti ni ileile ya darasani. Rehema akampa shikamoo, akamwitikia na kumwuliza anasoma nini. Nilipoona nafasi nikasema yangu yote, mpaka ya barua. Yeye hakuacha kuchambua.

"Nilikusamehe zamani, Dada Mwana," akasema. "Wiki ile walikuwa wamekuja wengi. Mwalimu mkuu alikuja, akanitisha na uhamisho. Shemeji yangu akaja, mzee wa kanisa akaja. Wote pisha, pisha. Siku ile nilikuwa nimeshachoka, ila bado sijakubali. Nikakuona wewe kwenye geti."

Akatoa kijiwe kwenye choroko.

"Nikamwambia mume wangu kule uani, basi, sasa nimepona. Dada Mwana kaja. Huyu kazi yake ni wanawake, huyu kaja kuniambia nisitoke."

Rehema aligeuka akanitazama. Yale ya kumtoa nilikuwa nimeyaombea radhi, tena kwa mpangilio. Hili halikuwemo kwenye ajenda yangu, na mpaka leo ninapowaandikia sijaliombea.